Nimelikimbia karai Geita nikalikuta Marekani

Hii ilikuwa 2017, mwezi wa tano, nakaa Sacramento, jamaa wawili wa kazini wakanambia wikiendi twende Coloma tukatafute dhahabu. Nikacheka. Mi nimezaliwa Geita, baba mdogo wangu anaosha mchanga wa dhahabu machimbo ya Nyarugusu tangu namjua, mgongo umeshakwisha, na nyumbani tulisomeshwa ili tusije tukalishika lile karai, sasa hawa wanakwenda kulishika kujifurahisha na wamebeba juisi kabisa. Nkasema poa, twendeni.

Ni kama saa moja kwa gari. Coloma ndo pale seremala James Marshall aliokota dhahabu tarehe 24 Januari 1848 akiwa anamjengea mwenye ardhi mmoja, John Sutter, mashine ya kupasulia mbao, watu kama laki tatu wakamiminika California, yeye mwenyewe akafa 1885 hana kitu. Ila sanamu wamemjengea, ipo juu ya kilima inaonyesha kidole mtoni. Afadhali wangempa hela akiwa hai.

Mi nilibeba koleo, mlinzi wa hifadhi akasema rudisha kwenye gari, hapa ni mikono na karai tu. Haya. Maji sasa! Ni theluji ya Sierra Nevada inayeyuka, dakika tano tu vidole huvisikii, na mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa kwa hiyo kila mtu pale anasema mto umeshusha mzigo mpya. Jamaa zangu wanachota mchanga wa juujuu, wanarusha kama wanapepeta mchele, wanamwaga na kilichomo. Nikawaambia jamani, dhahabu ni nzito, itafuteni nyuma ya mawe makubwa na kwenye nyufa za mwamba.

Nikachokonoa ufa mmoja kwa vidole mpaka kucha zikauma, nikajaza karai, nikalizamisha, nikalitikisa sana vizito vishuke, nikaanza kuinamisha maji yabebe vyepesi, tena na tena, mpaka ukabaki mchanga mweusi kama kijiko cha chai. Hapo haraka haitakiwi. Nikaupitishia maji kidogokidogo ukajivuta kama mkia, na pale mwanzo wa mkia kitu cha njano, chembe ya chumvi ni kubwa zaidi, mchanga wote unakimbia chenyewe kimetulia. Watu wazima watatu tulipiga kelele mpaka watoto wa jirani wakaja kuangalia.

Saa nne nzima, vipande vitatu tu, kwenye kichupa.

Usiku saa tatu nikampigia baba mdogo, kwao asubuhi saa moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepata pointi ngapi?" Pointi ndo kipimo cha wachimbaji wetu, kumi ni gramu moja.

"Hata nusu haifiki."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza mwenye eneo anachukua asilimia ngapi. Nikamwambia hakuna baba, ukipata ni yako yote.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Nauli ya huko," akasema, "ni shilingi ngapi?"