Kumbukumbu ya ruta: nimepunguza kasi, mtandao umekimbia

Jana kuanzia saa mbili usiku mwanangu ameshusha gemu la GB 6.2, na muda huohuo mke wangu anaongea kwa video na dada yake aliye Muscat. Picha haikuganda hata mara moja. Gemu limemaliza kushuka saa nne na robo. Naandika haraka kabla umeme haujakatika na furaha yangu nayo ikakatika.

Kwa wiki sita nyumba yetu hapa Ngamiani ilikuwa na sheria moja: mtu akianza kupakua, wengine waweke simu chini. Sikuhitaji hata programu ya kupima, maana sauti ya sebuleni ilitosha: "Baba wee, umeanza tena?"

Namba zenyewe zilikuwa hivi. Laini ikiwa imetulia, pingi (muda wa kipakiti kidogo kwenda na kurudi) kwenda 1.1.1.1, seva ya Cloudflare, ni milisekunde 48. Anzisha upakuaji, hesabu sekunde kumi: 400, 900, 1,600, 2,300, halafu mistari minne mitupu, halafu inarudi na kuanza upya. Kilichonichanganya ni kwamba upakuaji wenyewe ulikuwa unakwenda vizuri tu, 14 Mb/s mchana. Kila kitu kingine ndicho kilichokufa.

Ya kawaida niliyamaliza siku ya kwanza. Kebo mpya, DNS nyingine, waifai kutoka chaneli ya 11 kwenda ya 1, ruta nikaitoa nyuma ya kabati la vyombo. Hakuna. Laptopu niliyoichomeka kwa waya iliumwa ugonjwa uleule, kwa hiyo waifai haikuwa na hatia, na hilo ndilo jaribio nililopaswa kuanza nalo kabla ya kununua kebo. Huduma kwa wateja wakaniambia nizime niwashe. Nimezima, nimewasha.

Ugonjwa ni foleni. Modemu ya 4G na mnara vina bufa (ghala la kusubirishia pakiti) kubwa kupita kiasi. TCP, kanuni inayoongoza usafiri wa data, hupunguza mwendo inapoona pakiti zimepotea. Sasa bufa likizihifadhi zote bila kuzitupa, seva kule mbali inaona njia nyeupe na kuzidi kumwaga. Kipakiti kidogo chenye sauti ya shemeji kinakuja kupanga nyuma ya msururu wote huo, kama mtu aliyefika kivuko cha Pangani akakuta malori yamemtangulia. Kivuko ni kizima, kinavusha kwa uwezo wake wote, ila yeye havuki. Jim Gettys ndiye aliyelipa tatizo hili jina la bufabloti. Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta CoDel, mbinu ya kusimamia foleni, mwaka 2012, na CAKE, nyingine ya aina hiyo ninayoitumia mimi, iko ndani ya kerneli (kiini) ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018. Yaani dawa ipo, ni ya bure, na ruta niliyopewa pamoja na laini haina hata moja kwenye menyu yake. Ina ukurasa wa kubadilisha rangi, lakini.

Na zile programu za kupima kasi zinazokupa namba moja kubwa na mshale wa kijani, mimi nimezifuta. Ya kwangu ilikuwa inapima latensi (ucheleweshaji) kabla haijaanza kuvuta, kisha inanipongeza. Hiyo ni sawa na kumpima presha kuli akiwa amelala. Fungua madirisha mawili ya terminali, moja wget (amri ya kupakua), jingine pingi, utazame yote mawili kwa dakika mbili. Hutadanganywa.

Basi nikaweka ruta ya pili yenye OpenWrt (mfumo huria wa ruta) nyuma ya ile ya 4G. NAT mbili (anwani zinatafsiriwa mara mbili), najua, msinianze. Nikawasha SQM (sehemu ya kusimamia foleni) na CAKE: 12,000 kb/s kushuka, 3,000 kupanda. Unaomba pungufu ya uwezo wa laini makusudi, ili foleni ijipange kwako ambako CAKE inaisimamia, isijipange kwenye modemu ambako hakuna msimamizi. Mchana ule pingi ikakaa 60 huku wget inavuta. Nikaita watu waje waone. Hakuna aliyekuja.

Saa tatu usiku, pingi 2,000 tena.

Sababu ya kwanza niliielewa upesi. Usiku mtaa mzima uko kwenye mnara uleule, na laini yangu inashuka hadi 5 Mb/s. Ukomo wangu wa 12 uko juu ya uwezo wa laini, kwa hiyo CAKE haina la kufanya na foleni imerudi kwenye modemu. Nikashusha hadi 4,500. Ingetosha kabisa. Haikutosha! Dakika kumi safi, kisha pingi inapanda mlima hadi 1,500, kisha safi. Siku nne nimekaa na huu mlima. Nilibadilisha CAKE nikaweka fq_codel, ndugu yake CoDel, nikarudisha CAKE, nikacheza na ziada ya kila pakiti, nikashusha hadi 3,000 mpaka nikawa naomba intaneti ya mwaka arobaini na saba. Mlima uko palepale, na kila siku unaanza baada ya Isha.

Jioni ya tano nikaingia kwenye ruta ya zamani kwa jambo jingine kabisa, macho yakaangukia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kilitakiwa kiwepo kimoja tu, yaani ruta yangu mpya. Vilikuwepo viwili.

Sikuwa nimezima waifai ya ruta ya zamani. Simu ya mwanangu ilikuwa bado inaikumbuka, na akirudi msikitini anajilaza chumbani na video zake, anavuta moja kwa moja kutoka kwenye modemu, anaipita CAKE kama haipo. Nilipomuuliza akanijibu kwa adabu zote: "Si ulisema tusiiguse ile mpya mpaka umalize, baba?"

Nikazima waifai ya zamani. 58, 61, 57, 63. Nilikaa dakika ishirini naangalia tu namba zinavyopita.

Lakini 4,500 usiku na mchana ni dhuluma kwa laini inayoweza 14. Ndipo nikaweka cake-autorate, skripti ya bash inayopima latensi muda wote na kupandisha au kushusha ukomo wa CAKE yenyewe. Unaipa namba tatu; zangu ni 3,000 chini, 7,000 kawaida, 18,000 juu. Jana usiku ilicheza kati ya 5 na 8 Mb/s, wastani kama 6. Inakula bando kidogo kwa pingi zake za kila mara, ila mkitulia nayo inalala. Nimeikubali.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa antena ya nje juu ya paa, na bomba nilishakata. Sasa nimenogewa na kitu kingine: mafayili makubwa yashuke yenyewe usiku wa manane mnara ukiwa mtupu. Nikaandika kazi ya cron (kipanga ratiba cha ruta) ya saa tisa usiku. Nikaandika 9. Cron haijui saa ya Kiswahili, 9 kwake ni saa tatu asubuhi. Na ruta yenyewe nilikuwa sijaitoa kwenye UTC (saa za kimataifa), ikawa nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo leo saa sita kamili mchana, jua la utosi, ruta imeamka yenyewe na kuanza kushusha GB 3 kwa bando la mchana.

Pingi ilikuwa 62, lakini.

Nimerekebisha: saa za Dar es Salaam, na 3 badala ya 9. Kesho asubuhi nitaangalia kilichoshuka. Bomba la antena mke wangu ameshalifunga kamba ya nguo.