Chini ya msonobari, achana na nyasi

Kila Mei hapa Maine, Marekani, naona watu wakibeba mifuko ya chokaa na mbegu za nyasi, wanamwaga chini ya misonobari, na Agosti ikifika pamebaki udongo mtupu. Kivuli ni kizito na udongo una tindikali. Nyasi zitaishije hapo? Mimi nimelelewa Limuru katikati ya majani chai, na mchai bila tindikali haustawi. Kwa hiyo nilipopima udongo wa nyuma ya nyumba na kukuta pH (kipimo cha tindikali) ni 5, yaani una tindikali, nilifurahi sana.

Nilipanda Gaultheria procumbens, ambayo wenyeji huiita wintergreen. Ni mmea wa asili wa misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini. Kimo chake ni kama sentimita 15 tu, na mashina yake hutambaa chini kwa chini yakichipuza huku na huku. Chuma jani, lifikiche vidoleni, unuse: ni ile dawa ya kuchua tuliyopakwa magotini tukitoka mpirani! Kemikali ni ile ile, methili salisileti. Mafuta yake yaliyokamuliwa ni sumu yakinywewa, kwa hiyo yaweke mbali na watoto.

Nunua miche kwenye kitalu, usiing'oe msituni. Chimba mashimo mapana yasiyo na kina, maana mizizi yake hukaa juujuu na ya msonobari nayo iko papo hapo. Achanisha miche kwa sentimita 30, changanya udongo na majani yaliyooza, kisha tandaza sindano za msonobari juu yake. Mwaka wa kwanza usiache udongo ukauke. Na tafadhali, jivu la kuni lisikaribie hapo. Kwetu tumezoea kulimwaga shambani, lakini jivu hupunguza tindikali sawa na chokaa.

Hukua polepole, lakini subira inalipa. Kiangazi hutoa maua meupe mfano wa vikengele, yamejificha chini ya majani hadi uiname ndipo uyaone. Vuli inaleta matunda mekundu, na baridi ikikaza majani hugeuka rangi ya zambarau bila kupukutika. Matunda hudumu hata chini ya theluji, na bata mzinga wa porini huyadonoa.

Kama una sehemu inayopata jua la asubuhi kidogo, anzia hapo. Kwenye giza kabisa mmea utaishi, ila matunda yatakuwa ya kutafuta.