Ukurasa wa 41

"Kaka, data zimepotea." Mwaka 2016 simu za namna hiyo nilizipokea karibu kila wiki, na jibu langu halikubadilika: "Data haziwezi kupotea, hebu angalia tena vizuri." Nikikata simu najiona fundi kwelikweli.

Nilikuwa kwenye timu ndogo ya kuwasaidia watunza takwimu wa wilaya wanaotumia DHIS2, programu huria ya takwimu za afya ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na inayoendelezwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya waliianza nchi nzima mwaka 2011, na sisi Tanzania hatukuchelewa sana. Haiuzwi, msimbo wake uko wazi, mwenye ujuzi anaruhusiwa kuuchokonoa. Ila mtunza takwimu msimbo haumhusu. Yeye ana rundo la fomu za MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, kutoka kila zahanati, na siku chache za kuziingiza zote.

Kazi yangu ilikuwa mwongozo. Niliuandika miezi minne: kurasa 64, picha za skrini, mishale myekundu kila mahali. Niliupenda kama nyumba niliyojenga kwa mikono yangu.

Kulikuwa na wilaya moja iliyotupigia kuliko zote. Mkuu wangu akachoka, akasema nenda ukaone mwenyewe.

Ofisi ilikuwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, mafaili yamepanda hadi karibu na dari. Nikamkuta mama wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe wa data haziwezi kupotea?"

Nikacheka kwa aibu. Mwongozo wangu ulikuwa juu ya kabati, bado umo kwenye nailoni yake, chupa ya chai imeukalia kama kigoda.

Nilijiapia nisimwelekeze chochote, nitazame tu. Akaweka rula chini ya mstari wa kwanza wa fomu ili jicho lisiruke, akawa anasoma tarakimu kwa kunong'ona, anachapa, anahamia kisanduku kinachofuata. Kisanduku kinageuka njano, halafu kijani. Njano, kijani, njano, kijani. Alikuwa na kasi kunishinda. Saa nne na nusu modemu ikakata. Juu ya skrini ukatokea mstari wa Kiingereza: huna mtandao, data zitahifadhiwa "locally". Mama wala hakusita, rula ikashuka mstari mwingine.

"Mama, hayo maandishi ya juu unayaelewaje?"

"Si yanasema zinahifadhiwa hapahapa kwetu? Wilayani."

Nikakosa la kusema. Kwa sisi mafundi neno lile maana yake ni ndani ya kompyuta hii moja, tena ndani ya brauza hii moja, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Kwake ni wilayani, na ukimpelekea mwalimu wa Kiingereza sidhani kama angempa kosa.

Nikamuuliza mtandao ukirudi anafanyaje.

"Ukirudi jioni mimi nimeshaondoka. Kesho natumia ile nyingine, hii ni ya mfamasia."

"Na hii inabaki hivihivi?"

"Ijumaa kijana anakuja kuisafisha isiwe nzito."

Kuisafisha maana yake kufuta kila kitu kilichohifadhiwa kwenye brauza. Nikahisi jasho. Miezi yote ile nilikuwa nawaambia watu waangalie vizuri, na tarakimu zao zilikuwa zinafagiliwa kila Ijumaa pamoja na vumbi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeliandika. Ukurasa wa 41, chini ya kichwa "Matumizi ya Mfumo Nje ya Mtandao", maelezo sahihi kabisa, hadi kitufe cha kutuma data mtandao ukirudi. Lakini mtu aliyepotelewa na data anatafuta maneno "data zimepotea", na maneno hayo hayakuwemo popote katika kurasa 64.

Mtandao uliporudi alasiri tukafungua ukurasa uleule. Mstari wa juu sasa ukasema kuna data hazijatumwa. Mama akabonyeza, tarakimu za asubuhi zikapanda. Zilizofagiliwa wiki za nyuma ikabidi azirudie kutoka kwenye fomu, bahati nzuri karatasi hazijui kusafishwa.

Tukachukua fomu iliyoharibika, tukaandika mgongoni mwake. Mimi nashika kalamu, yeye anakosoa.

"Usiandike brauza, hapa hakuna anayeijua. Andika Mozilla."

"Na kama mtu anatumia nyingine?"

"Ataijua tu. Sisi zote tunaziita Mozilla."

Kichwa cha habari alikitoa yeye: DATA ZIMEPOTEA? USIZIME KOMPYUTA. Chini yake mistari sita. Niliporudi Dar nikaichapa kama ilivyo, karatasi moja, nikaituma kwa wilaya zote tulizokuwa tunazihudumia, kisha nikaanza kuvunja vichwa vya mwongozo wangu kimoja kimoja, nikiwa na daftari la simu mezani. Neno alilolitumia mpiga simu ndilo likawa kichwa. Mwongozo ukabaki na kurasa 23.

Programu ile ilikuwa ikitoa toleo jipya zaidi ya mara moja kwa mwaka. Baada ya miezi kadhaa simu ikaita, nikaitambua namba.

"Mwanangu, ile karatasi yako inadanganya. Kitufe kimehama."

Nikavuta daftari. "Kimehamia wapi, mama?"