Bahari kabla ya nguzo

Jumapili, Moshi.

Wiki nzima mawazo yangu yako Bahari ya Kaskazini, kwenye mitambo ya upepo inayosimikwa majini. Leo tukimenya ndizi, shangazi kaniuliza swali lililonigusa kuliko kurasa zote nilizosoma: "Sasa mwanangu, mtajuaje kama samaki wamehama, na hamkuwahesabu walipokuwepo?"

Denmark walianza mwaka 1991 huko Vindeby, mitambo 11 tu. Tangu hapo imejulikana kwamba kipindi kigumu zaidi kwa wanyama wengi ni cha ujenzi. Nguzo ya chuma ikigongwa kuingia sakafuni mwa bahari, kishindo husafiri kilomita nyingi majini, na wanyama wa jamii ya pomboo, wanaowinda na kujua njia kwa kusikia, hukimbia. Ujerumani imeweka kikomo cha kishindo hicho: desibeli 160 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa umbali wa mita 750. Wajenzi huzungushia nguzo pazia la mapovu ya hewa kupunguza makali ya sauti.

Ujenzi ukiisha, kome hujishika kwenye nguzo, kaa na samaki wakafuata. Kuna sili, mamalia wa baharini wanaokula samaki, waliofungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, wakaonekana wakipita nguzo hadi nguzo kutafuta chakula. Hilo linanifurahisha sana, ila silichukulii kuwa ushahidi kwamba bahari imenufaika. Penye mchanga pakigeuka mwamba, waliozoea mchanga wanaenda wapi? Na hao samaki wamezaliana hapo, au wamekusanyika tu kutoka kwingine? Pasipo hesabu ya awali, na ya eneo jirani lisilo na nguzo, shangazi hana wa kumjibu.

Kwetu upepo unavunwa nchi kavu, kama kule Mufindi. Baharini hakuna mtambo hata mmoja. Basi huu ndio wakati wa kupima. Silikanti wa Tanga (samaki wa kale wa kilindini), nguva wa Rufiji na Mafia, nyangumi wanaopita pwani yetu kila mwaka: tuwajue sasa. Tayari tumechelewa kidogo, maana pwani ya Tanga imepigwa baruti za wavuvi kwa miaka mingi.

Nikirudi chuoni nitamwomba msimamizi wangu tubadilishe mada. Nataka kutega vinasa sauti chini ya maji Tanga, nisikilize bahari ilivyo leo. Nitahitaji misimu yote miwili, kaskazi na kusi, kwa sababu mawimbi ya kusi yana kelele zake.