Tofali la povu la kioo: gesi ije kwa wakati wake

Tofali la povu ni tofali jepesi la kioo kilichosagwa, kilichovimbishwa kwa gesi tanurini. Likitoka zito, wengi huongeza kiumuo, yaani unga unaotoa gesi. Mara nyingi kosa liko kwenye joto. Kioo cha chupa huanza kulainika karibu na nyuzi 700 za Selsiasi. Gesi ikitoka kabla chembe za kioo hazijashikana, hupita katikati yake na kupotea.

Kwa kilo moja chukua unga wa kioo gramu 880, majivu ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme gramu 100, na unga wa maganda ya mayai gramu 20, ambao ndio kiumuo. Maganda ni karibu kalisi kaboneti tupu. Gramu hizo 20 hutoa takriban lita 4 za kaboni dioksidi, na kwenye nyuzi 830 gesi hiyo hutanuka mara nne. Ukizidisha maganda, vitundu huungana vikawa mapango. Majivu yakizidi, kioo hushindwa kuvimba.

Osha chupa, kisha uondoe vipande vya kauri na vyombo vya kioo vya kuokea: haviyeyuki pamoja na kioo cha chupa, na tofali hupasuka mahali vilipo. Saga hadi unga upite chekeche ya mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Vumbi hili ni baya kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya kuchuja vumbi, kitambaa hakitoshi.

Nyunyizia maji kidogo, shindilia, kausha kabisa. Kalibu ya chuma ipakwe uji wa kaolini (udongo mweupe wa ufinyanzi), ijazwe robo tu.

Pandisha joto la tanuri nyuzi 5 kwa dakika hadi 830, shikilia dakika 20. Ukiharakisha, ganda la nje huvimba huku kiini kikibaki kigumu. Ukichelewa, povu huporomoka. Kisha shusha upesi hadi 600 ili povu ligande, na kuanzia 550 shusha nyuzi 1 kwa dakika. Hapa usiwe na haraka kabisa: tofali linalotolewa likiwa moto hupasuka, hata kesho yake.

Lipime uzito, lizamishe majini saa 24, lipime tena. Likinywa maji mengi, vitundu viko wazi: lifae ukuta wa ndani. Kwa msingi au paa, badala ya maganda tumia unga wa silikoni kabidi gramu 15, na upandishe joto hadi 880.