Nilivyozielewa funguo za kanzidata kwa daftari la mwani

Nilipomaliza mwaka wa pili wa stashahada yangu ya teknolojia ya habari niliweza kuzitaja bila kusita aina zote za funguo za kanzidata, yaani taarifa zinazoutambulisha kila mstari wa jedwali la kompyuta usichanganywe na mwengine, na mtihani wake niliufaulu. Hata hivyo, lau mtu angeniwekea daftari la kweli mbele yangu na kuniuliza ufunguo wake uko wapi, ningebabaika. Na kweli nilibabaika likizo ile, nyumbani Pemba, pale kikundi cha akina mama wakulima wa mwani katika wilaya ya Micheweni kiliponiomba niwahamishie hesabu zao kwenye kompyuta.

Jedwali la wanachama halikunisumbua sana. Jina halikufaa kuwa ufunguo, kwa sababu kwetu majina ya kina Hamad, Khamis, Juma na Faki yanazunguka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na nilikuta wanachama wawili waliolingana majina yote matatu, wakatofautiana shehia tu. Simu nayo haikufaa: wengine hawana, na wengine wameandikisha simu moja ya nyumba nzima. Zilibaki namba ya uanachama na namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho kikundi hakimwandikishi mtu asiyekuwa nacho. Kila moja peke yake inatosha kumtenga mwanachama mmoja na wenzake, kwa hiyo zote mbili ni funguo gombea. Ukiiunganisha namba ya uanachama na jina, bado utampata mtu yuleyule, lakini jina hapo halina kazi. Mkusanyiko wa namna hiyo, unaotosha huku umebeba ziada, ndio ufunguo mpana.

Namba ya uanachama niliifanya ufunguo mkuu kwa kuwa ni fupi na akina mama wenyewe wanaijua kwa moyo, na kitambulisho kikabaki ufunguo mbadala chenye sharti la kutojirudia. Uchaguzi huo ulinitia wasiwasi mpaka nilipokumbuka kwamba Edgar F. Codd, aliyeutangaza mfumo huu wa majedwali mwaka 1970 akiwa mtafiti wa IBM, alisema wazi kuwa funguo zinazofaa zikiwa zaidi ya moja, mmojawapo huchaguliwa kwa hiari tu.

Shida ilikuwa jedwali la mapokezi. Kila mwani mkavu unapopimwa huandikwa tarehe, mwanachama, aina, yaani mwani mnene au mwembamba, na kilo. Niliingiza kurasa za wiki mbili za mwanzo, nikaona hakuna mwanachama aliyeandikwa mara mbili kwa siku moja, nikajipongeza: ufunguo ni mwanachama pamoja na tarehe. Wiki ya tatu programu ikagoma, kwani mama mmoja alileta mwani mnene asubuhi na mwembamba alasiri. Nikaongeza aina ya mwani kwenye ufunguo. Haukupita ukurasa mmoja, mwengine akaleta mwembamba mara mbili, kwa sababu gunia la pili lilikuwa bado linaanikwa wakati la kwanza linapimwa.

Hapo nilichoka, nikafanya wanavyofanya wengi: niliweka ufunguo wa kubuni, namba ambayo MySQL, programu ya kanzidata niliyoitumia, inaipandisha yenyewe kwa kila safu mpya, yaani kila mstari mpya wa jedwali. Kila kitu kikaingia bila kelele, nami nikadhani nimemaliza.

Siku ya kujumlisha, mama mmoja alikutwa na kilo 38 zaidi ya alizozijua, na kwa uaminifu wake akazikataa. Tulipotafuta tukaona kwamba stakabadhi moja niliiingiza mara mbili. Programu haikuwa na sababu ya kunizuia, kwani kila safu ilipewa namba yake mpya, na kwa namba hizo safu zile mbili zilikuwa mapokezi mawili tofauti. Katibu wa kikundi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na hii namba ya risiti hukuiandika?" Sikuiandika, niliidhani pambo la kiwanda cha uchapaji.

Nilitaka kuifanya ufunguo papo hapo, lakini nilikuwa nimeshaanza kupata adabu, nikamuuliza kwanza kama namba hizo zinajirudia. "Kitabu kikisha twafungua kingine," alisema, "na kingine nacho kina moja yake." Basi namba ya risiti peke yake haitoshi, na namba ya kitabu peke yake haitoshi, ila zote mbili pamoja zinatosha, maana vitabu vyenyewe katibu huvipa namba kwa mkono kwenye jalada, na harudii.

Swali lake lilinifumbua macho kwa mambo mawili. Wiki zile mbili hazikuwa ushahidi wowote, kwa sababu data iliyopo inaweza kukuonesha kuwa kitu fulani si ufunguo, lakini haiwezi kukuthibitishia kuwa ni ufunguo. Hilo hutoka kwenye kanuni ya kazi yenyewe, na kanuni anaijua aliyeshika mizani. Pili, nilikuwa nikiamini kuwa ufunguo gombea ni ule wenye safu wima chache kuliko zote, kumbe sharti ni kwamba usiweze kupunguza hata moja ukabaki na ufunguo. Kitabu na risiti ni safu wima mbili, namba ya kubuni ni moja, na zote ni funguo gombea za jedwali lilelile.

Ufunguo wa kigeni, ambao darasani ndio niliouogopa, ulikuja wenyewe: namba ya uanachama ndani ya mapokezi lazima iwemo kwenye jedwali la wanachama, na nilipojaribu kumfuta mwanachama aliyehamia Unguja, programu ilikataa kwa kuwa mwani wake bado ulikuwa vitabuni.

Namba ya kubuni niliiacha iwe ufunguo mkuu, nikaongeza sharti kwamba kitabu na risiti visijirudie kwa pamoja na visiachwe wazi. Programu haikukubali kuliweka sharti hilo mpaka nilipoifuta safu iliyojirudia, na wakati wa kuitafuta ikanionesha nyengine mbili ambazo hakuna aliyekuwa amezilalamikia. Katibu akafungua vitabu, akazipigia mstari mwenyewe kwa kalamu nyekundu.