Nilivyofuma soksi zangu za kwanza, na jinsi kisigino kilivyojipinda

Kabla ya soksi nilikuwa nimeshafuma skafu na kofia, nikawa kila nikigusia soksi naambiwa ningoje, mkono ukomae kwanza. Nilingoja bure. Anayejua kitanzi cha mbele na cha nyuma, yaani aina mbili za msingi za kufuma, na kuunga vitanzi viwili kuwa kimoja, ana karibu kila kinachohitajika. Ugumu wote umejikusanya kisiginoni. Kwingine kote ni kuzunguka tu, na kuzunguka hakumshindi mtu.

Nilichukua uzi wenyewe wa soksi: sufu asilimia 75, nailoni asilimia 25, donge la gramu 100 lenye mita 400 hivi. Hilo linatosha jozi nzima ya mtu mzima na baki inakuwepo. Nailoni si ya kudharau. Sufu tupu, hasa iliyosokotwa kilegevu, hulika upesi pale inaposuguana na kiatu. Sindano zilikuwa tano za milimita 2.5, zenye ncha pande zote mbili: nne hubeba kazi, ya tano hufuma.

Kitu ambacho nisingekibahatisha mwenyewe ni kwamba soksi inatakiwa iwe ndogo kuliko mguu. Ikilingana nao, inateremka na kujikunja ndani ya kiatu. Basi nilipima mzunguko wa mguu pale panapopana, nyuma kidogo ya vidole, nikapata sentimita 23. Ukitoa asilimia 10 unabakiwa na 20.7. Kipande cha majaribio kilinionyesha vitanzi 30 katika kila sentimita 10, kwa hiyo jibu likawa 62. Nikapandisha hadi 64, maana zinagawanyika sawasawa: 16 kwa kila sindano.

Vitanzi vya kwanza nilivitungia juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha nikachomoa moja, ili mdomo ubaki mlegevu. Mdomo ukikaza, kisigino hakipiti, hata sehemu iliyobaki ipendeze vipi. Kabla ya kuunganisha duara nililaza kazi mezani nikahakikisha ukingo wote unatazama ndani. Ukijipinda hapo haunyooki tena. Dawa yake ni kufumua.

Mizunguko michache ya mwanzo ni vurugu, sitaficha. Sindano zinaning'inia huku na huku, na mikono haijui ishike ipi. Ukifika kama sentimita mbili kazi inapata uzito na kutulia. Kwenye maungio ya sindano huwa kunajitokeza mstari wa vitanzi vilegevu kama ngazi. Kilichonisaidia ni kukaza kitanzi cha pili cha kila sindano badala ya cha kwanza, kwa kuwa cha kwanza ukikikaza hulegea tena unapoendelea. Mdomo ni viwili vya mbele, viwili vya nyuma. Baada ya hapo ni vya mbele vitupu hadi kifundoni.

Sasa kisigino. Unaacha nusu ya vitanzi vipumzike, unafuma 32 vilivyobaki kwa kwenda na kurudi, mistari 32, na kila mwanzo wa mstari unahamisha kitanzi cha kwanza bila kukifuma. Kinatokea kibapa cha mraba kinachoning'inia nyuma. Nilikitazama nikajiuliza hiki kitageukaje kuwa kisigino. Maelezo yalisema: fuma 18, unga viwili, fuma kimoja, geuza kazi. Yaani geuza katikati ya mstari, vitanzi 11 vikiwa bado vinasubiri! Akili inakataa kabisa. Niliamua kuacha kukielewa, nikahesabu tu. Hamisha kimoja, fuma vitano vya nyuma, unga viwili, fuma kimoja, geuza. Toka hapo kila mstari unarefuka kwa kitanzi kimoja, na palipogeuzwa panabaki kipengo kinachoonekana wazi. Unaunga kitanzi cha upande huu wa kipengo na cha upande wa pili, na kipengo kinazibika. Kwenye mstari wa nne au wa tano hivi kile kibapa kilianza kujikunja chenyewe kikafanya shimo la kuingiza kisigino. Mwishoni vilibaki vitanzi 18. Nilikaa nikikigeuzageuza kuliko ilivyohitajika.

Kinachofuata ni kuokota vitanzi 16 kila ubavu wa kibapa, na hapo faida ya kile kitanzi ulichokuwa ukikihamisha inaonekana: ukingo una vishikizo vikubwa 16 vilivyojipanga. Ukijumlisha na vile 18 vya kisigino na 32 vilivyokuwa vimepumzika, unapata 82, na unarudi kufuma kwa kuzunguka. Unapunguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja hadi urudi 64. Kwenye pembe ambapo kibapa kinakutana na vile vilivyopumzika huwa pana kitundu; niliokota kimoja cha ziada pale, nikakiunga na jirani yake mzunguko uliofuata.

Wayo haukuwa na habari. Nilifuma hadi zikabaki sentimita 5 za soksi, nikaanza kupunguza vinne kila baada ya mzunguko mmoja. Vilipobaki 32 nikapunguza kila mzunguko hadi 16, nane juu na nane chini, nikaviunganisha kwa sindano ya kushonea ukifuata njia ya uzi wenyewe, pasipo mshono wa kukwaruza vidole. Kazi hiyo inataka utulivu na chumba kisicho na maongezi.

Soksi ya pili niliianza siku ileile niliyomaliza ya kwanza, kwa makusudi, maana wengi huishia na soksi moja nzuri isiyo na mwenzake. Sikupima kwa rula. Nilikuwa nimeandika idadi ya mizunguko ya kila sehemu, nikairudia, na zikatoka sawa. Nazifua kwa mikono katika maji ya uvuguvugu, nazikamua ndani ya taulo bila kuzisokota, kisha nazilaza zikauke. Uzi uliobaki nimeuhifadhi pamoja nazo, kwa sababu kisigino ndicho kitakachotoboka kwanza, na kiraka cha rangi nyingine sikitaki.